Maswali ya Wasomaji: Vitufe Visivyo na Jina

Barua za safari hii karibu zote zauliza jambo moja: vitufe vya tovuti vilivyo picha tupu, bila neno. Zilizokuwa ndefu tumezikata, na majina ya waandishi tumeyaacha.

SWALI: Salaam aleikum wahariri. Nina duka la leso Mtaa wa Biashara, na kijana mmoja amenitengenezea tovuti. Juu pana kitufe cha kutafuta na cha menyu, na chini ya kila leso pana moyo na kapu. Kwa macho yapendeza. Lakini mteja wangu wa Likoni, asiyeona, aniambia simu yake yamsomea "kitufe, kitufe, kitufe" toka juu hadi chini. Kijana asema tovuti haina kosa. Nimuamini nani?
Mama wa leso, Mtaa wa Biashara

JIBU: Aleikum salaam mama. Muamini mteja wako.

Kisoma skrini, yaani programu inayomsomea asiyeona yaliyo kwenye ukurasa, hakitazami picha. Kwa kila kitu kinachobonyezwa, hukiuliza kivinjari mambo mawili: hiki ni nini, na kinaitwaje. La kwanza lina jibu, kwa kuwa kijana ametumia elementi ya button, yaani kipande cha msimbo kinachosema hiki ni kitufe. La pili halina, kwa sababu ndani ya kitufe mna mchoro wa SVG peke yake, na mchoro huo ni mistari na nukta, hauna hata herufi moja. Jina linarudi tupu na kisoma skrini kinabaki na neno "kitufe". Kama aikoni, yaani picha ndogo ya kitufe, ingekuwa faili ya picha isiyo na alt (maelezo ya picha kwa maandishi), mambo yangezidi kuharibika: baadhi ya visoma skrini hubahatisha kwa kusoma jina la faili, na mteja angesikia kitu kama "ic cart 24 png".

Mwambie kijana afungue faili la ukurasa. Atakuta kitu cha namna hii:

<button type="button"><svg viewBox="0 0 24 24">…</svg></button>

Akigeuze kiwe hivi:

<button type="button"><svg aria-hidden="true" viewBox="0 0 24 24">…</svg><span class="fichika">Tafuta leso</span></button>

Ile aria-hidden="true", moja ya sifa za ARIA zinazoandikwa kwa ajili ya visoma skrini, inaufanya mchoro usihesabiwe. Span ndiyo inayobeba jina, na darasa la fichika, linaloandikwa katika CSS (lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa), linaiondoa machoni bila kuiondoa masikioni:

.fichika { position: absolute; width: 1px; height: 1px; overflow: hidden; clip-path: inset(50%); white-space: nowrap; }

Asifupishe mistari hiyo kwa kuandika display: none. Maneno yaliyofichwa kwa display: none hayaingii katika jina, na atakuwa amerudi alikotoka. Ile white-space: nowrap nayo ina kazi yake: maneno yakibanwa katika upana wa pikseli 1, hukatwa mistari mistari, na visoma skrini vingine huyasoma yakiwa yameshikana, "tafutaleso". Kitufe chenyewe akipe position: relative, la sivyo span inaweza kujitupa mbali na kuufanya ukurasa uteleze kando bila sababu ya kuonekana.

Njia ya mkato ipo: aria-label="Tafuta leso" juu ya button, bila span. Jina linalopatikana ni lile lile. Sisi twapendelea span, kwa sababu programu za kutafsiri kurasa hazigusi aria-label sikuzote, na kwa sababu mtandao ukizorota CSS isifike, span hujitokeza ikasomeka na kila mtu. Lakini ukituuliza hasa, nafasi ikiwepo maneno yasifichwe kabisa. Mistari mitatu ya menyu wengi wenye macho mazima nao hawajui maana yake, na neno "Menyu" pembeni yake halichukui hata upana wa kidole.

Sasa kuna tatizo ambalo mteja wako hajalifikia bado. Kijana akishavipa vitufe majina, mteja atasikia "Weka kapuni" chini ya kila leso, asijue kapu hili ni la leso gani. Anayeona huambiwa na macho. Anayesikiliza orodha ya vitufe hana cha kumwambia. Bahati nzuri bidhaa yako huja na jina lake, limepigwa chapa kwenye kitambaa, na wanunuzi huliuliza kabla ya bei. Litumiwe hilo hilo:

<h3 id="leso7">Wema hauozi</h3>
<button type="button" id="kapu7" aria-label="Weka kapuni" aria-labelledby="kapu7 leso7">…</button>

Sifa ya aria-labelledby huchukua id (kitambulisho cha elementi) moja au zaidi na kuunganisha maneno yake kwa mpangilio ulioandikwa. Hapa kitufe kinajitaja chenyewe kwanza, kisha kinataja kichwa cha bidhaa, na mteja anasikia "Weka kapuni Wema hauozi, kitufe". Moyo nao ufanyiwe vivyo hivyo.

Pa kujikwaa ni kwenye id. Kila moja iwe peke yake katika ukurasa. Kijana akinakili kipande hiki chini ya leso zote bila kubadilisha namba, kivinjari kitachukua id ya kwanza kitakayoikuta, na kila kapu litajiita Wema hauozi. Kosa hilo halionekani kwa macho kabisa. Mteja atalijua oda ikishafika nyumbani.

SWALI: Natumia fonti ya aikoni badala ya SVG. Nikijaribu na kisoma skrini cha NVDA, kitufe kimoja kinasomwa "shopping cart" katikati ya ukurasa wa Kiswahili, kingine kimya, na kile cha kufunga dirisha kinasomwa kama alama ya hesabu. Kwa nini kila kimoja na lake?
Mwanafunzi, Tudor

JIBU: Kwa sababu ni mambo matatu tofauti.

Fonti kama Material Icons ya Google hufanya kazi kwa ligacha, yaani mfuatano wa herufi unaochorwa kuwa alama moja. Ndani ya HTML umeandika neno shopping_cart, na fonti ndiyo inayolichora kuwa kapu. Kisoma skrini hakijui habari za fonti, kinasoma neno uliloandika. (Fonti ikishindwa kupakuliwa, hata wanaoona watasoma neno hilo, limetapakaa nje ya kitufe.)

Cha pili, kilicho kimya, kinatumia fonti za namna ya Font Awesome, ambazo huingiza herufi kupitia ::before katika CSS. Herufi hizo hutoka katika eneo la Unicode (orodha ya namba za herufi) lililoachwa kwa matumizi binafsi, U+E000 hadi U+F8FF. Hazina matamshi yaliyokubaliwa popote. Programu moja hunyamaza, nyingine hutamka kitu kisichoeleweka. Na usidhani kilichowekwa kwa CSS hakihesabiki; vivinjari hukiingiza katika jina la kitufe.

Cha tatu umeandika ×, alama ya kuzidisha, U+00D7, kwa kuwa yafanana na msalaba wa kufungia. Inasomwa kama ilivyo.

Dawa ni moja. Aikoni iwe ndani ya span yenye aria-hidden="true", na jina la Kiswahili likae kando yake ndani ya kitufe:

<button type="button"><span class="material-icons" aria-hidden="true">close</span><span class="fichika">Funga</span></button>

Angalia vizuri aria-hidden imekaa wapi. Ikiwekwa juu ya button yenyewe, kitufe kinafutwa kwa msikilizaji lakini Tab bado inakifikia: mtu anatua juu yake na hasikii kitu. Afadhali kile kisicho na jina kuliko hicho.

Na kama vitufe vyako ni div (visanduku vitupu visivyo na kazi maalumu) zenye onclick, anza na hapo kabla ya majina. Aria-label juu ya div au span tupu haina mashiko. Kanuni za ARIA zenyewe haziruhusu kuvipa majina vitu visivyo na wajibu (role). Utalazimika kuongeza role="button", tabindex="0", kisha usikilize Enter na Space kwa JavaScript. Elementi ya button inakupa yote hayo bure.

SWALI: Nimeweka title="Tafuta" na naona maandishi yanatokea nikipitisha kipanya. Haitoshi?
Fundi tovuti, Ganjoni

JIBU: Haitoshi. Title huweza kuwa jina kama hakuna jingine, kwa hiyo vipimo vya kompyuta vitakupitisha. Lakini kwenye simu hakuna kipanya cha kupitisha, na anayetumia kibodi hatauona ule mwandiko. Ukiiweka pamoja na aria-label yenye maneno tofauti, visoma skrini vingine vitasoma yote mawili. Iondoe.

SWALI: Tuna tovuti ya vipindi vya sauti. Kitufe cha sauti hubadilika kati ya "Nyamazisha" na "Rudisha sauti", na pia tumeweka aria-pressed. Wasikilizaji wawili wasioona walituambia hawaelewi kama sauti imewashwa au imezimwa. Jingine: tuna kapu la fulana lenye namba nyekundu juu yake, na hiyo namba haisomwi kabisa.
Watayarishaji, Kisauni

JIBU: Mmesema jambo moja mara mbili, na kauli ya pili imeitangua ya kwanza. Sauti ikiwa imezimwa, kitufe chenu kinasomwa "Rudisha sauti, kimebonyezwa". Je, kurudisha ndiko kulikobonyezwa, yaani sauti imesharudi? Msikilizaji ana haki ya kuchanganyikiwa.

Chagueni njia moja. Ama jina lisibadilike na hali ndiyo ibadilike: jina ni "Nyamazisha sauti" daima, na aria-pressed huwa true au false. Ama jina libadilike na aria-pressed iondolewe. Kwa kitufe cha sauti twapenda ya kwanza. Kwa cha kucheza kipindi twapenda ya pili, "Cheza" na "Simamisha", maana hayo ni matendo mawili ambayo kila mtu ameyazoea. Kwenye menyu msiandike "Fungua menyu" na "Funga menyu". Jina liwe "Menyu" na aria-expanded iwe true ikiwa imekunjuliwa, false ikiwa imekunjwa. Thamani hiyo ibadilishwe na JavaScript ile ile inayokunjua menyu. Tumeona kurasa nyingi ambamo false iliandikwa siku ya kwanza na haikuguswa tena.

Kuhusu kapu: bila shaka mmeandika aria-label="Kapu" juu ya kitufe, na namba iko ndani yake. Aria-label haiongezi juu ya yaliyomo, inayafuta na kukaa mahali pake. Iondoeni, kisha ndani ya kitufe muwe na maneno yaliyofichwa "Kapu, fulana" yakifuatwa na namba inayoonekana. Msikilizaji atapata "Kapu, fulana 3". Mkitaka namba itangazwe papo hapo anapoongeza fulana, wekeni mahali pengine katika ukurasa elementi yenye role="status". Iwepo tangu ukurasa unapofunguka, ikiwa tupu, kisha muandike ndani yake "Fulana imeongezwa. Kapu lina fulana 3". Mkiiunda wakati ule ule wa kuandika, mara nyingi haitatangazwa.

SWALI: Tovuti ya hoteli yetu ina Kiswahili na Kiingereza. Mgeni akichagua Kiswahili maandishi hubadilika, lakini tumeambiwa vitufe vya picha bado vinasomwa "Next slide", "Close", "Search". Sisi hatuyaoni maneno hayo popote.
Meneja, Nyali

JIBU: Hamyaoni kwa kuwa yamo ndani ya aria-label, na mengi yamekuja na programu ya watu. Vionyesha picha, kalenda na madirisha ya kuibuka huletwa na majina ya Kiingereza tayari. Karibu zote zina mahali pa kuyabadilisha katika mipangilio yake. Fundi wenu atafute neno aria-label katika msimbo wote, na kila atakaloliona alihamishie kwenye faili la tafsiri pamoja na maandishi mengine, lisibaki limepigiliwa ndani ya kiolezo.

Kisha atazame mstari wa juu kabisa wa ukurasa. Toleo la Kiswahili liwe na <html lang="sw">. Likibaki lang="en", kisoma skrini kitachukua sauti ya Kiingereza na kuitamkia "Chagua tarehe ya kuwasili", na mswahili hatajua imesemwa lugha gani. eSpeak NG, programu ya kutamka inayokuja ndani ya NVDA, ina Kiswahili. Sauti za Google kwenye Android pia zinacho, ingawa simu nyingine hudai kwanza kupakua sauti hiyo.

Katika kuchagua majina, tajeni kitendo, msielezee mchoro. Mgeni hahitaji kuambiwa "Kioo cha kukuzia", anahitaji "Tafuta". Mishale ya picha iwe "Picha iliyotangulia" na "Picha inayofuata", maana "Kushoto" na "Kulia" hazimwambii kitakachotokea. Msiandike "Kitufe cha kutafuta": neno kitufe kisoma skrini hulisema chenyewe, na atasikia mara mbili. Maneno mawili matatu yanatosha. Anayeandika sentensi nzima humfanya mgeni asubiri hadi mwisho kila anapopita hapo, na kwenye kalenda atapita mara nyingi.

SWALI: Kitufe changu kina aikoni na neno "Nunua". Nimeongeza aria-label="Kamilisha oda yako" ili kieleweke zaidi. Kuna ubaya?
Muuza viungo, Marikiti

JIBU: Upo. Wako watu wanaoendesha simu kwa kusema, kwa sababu mikono haiwatii. Wao husoma neno lililo mbele yao na kulitamka: bonyeza Nunua. Simu inatafuta kitufe kinachoitwa hivyo, inakuta "Kamilisha oda yako", na hakuna kinachotokea. Neno linaloonekana lazima liwemo ndani ya jina, na likitangulia ndiyo vizuri zaidi: "Nunua, kamilisha oda". Kwako wewe, futa tu hiyo aria-label. "Nunua" inajieleza.

SWALI: Nitajuaje vitufe vyangu vina majina? Sina pesa ya kununua programu.
Kijana anayejifunza, Changamwe

JIBU: Hakuna cha kununua. Katika Chrome, bofya kulia juu ya kitufe, chagua Inspect, halafu fungua paneli ya Accessibility. Mstari wa Name ndio jina, na chini yake utaona limetoka wapi: aria-labelledby hutangulia, kisha aria-label, kisha yaliyomo ndani ya kitufe, na title mwisho kabisa. Ukishangaa kwa nini jina ulilobadilisha halibadiliki, hapo ndipo pa kutazama. Huenda kuna kilicho juu zaidi kinachokushinda.

Halafu sikiliza. NVDA ya Windows ni ya bure. Ilianzishwa 2006 na Michael Curran, kisha James Teh akajiunga naye, wote wawili Waaustralia wasioona. Ukiwa ndani ya ukurasa, B hukupeleka kitufe hadi kitufe na K hukupeleka kiungo hadi kiungo. Insert na F7 hufungua orodha. Chagua vitufe na uisome kama mtu asiyeujua ukurasa. Mahali penye kelele, washa kionyesha matamshi katika menyu ya zana, utasoma yale ambayo ungeyasikia.

Kwenye simu ya Android tumia TalkBack, kisoma skrini chake, kilicho katika mipangilio ya ufikivu. Telezesha kidole kulia kusonga mbele, gonga mara mbili kubonyeza. Jifunze kuizima kabla ya kuiwasha. Kwenye simu nyingi njia ya mkato ni kushikilia vitufe viwili vya sauti pamoja kwa sekunde chache, lakini hakikisha kwanza kwamba njia hiyo imewashwa.

Vipimo vya kompyuta kama axe, WAVE na Lighthouse vitakuonyesha kitufe kisicho na jina kwa sekunde moja. Hata hivyo kitufe kinachoitwa "kitufe1" au "aikoni" hupita bila neno. Kipimo kinajua jina lipo. Hakijui kama lina maana.

SWALI: Zabuni moja inadai WCAG 2.2 daraja AA. Katika haya ya aikoni, nitakaguliwa nini? Na sheria ya Kenya inasemaje?
Mwenye kampuni ndogo, Kizingo

JIBU: WCAG ni miongozo ya kuzifanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, ya W3C, shirika la viwango vya mtandao; toleo la 2.0 lilitoka Desemba 2008, 2.1 Juni 2018, na 2.2 Oktoba 2023. Jina la kitufe limo katika kigezo 4.1.2, daraja A, yaani ngazi ya chini kabisa. Ukikikosa hicho hufiki hata A, seuze AA. Suala la muuza viungo hapo juu ni kigezo 2.5.3, pia A. Kwenye AA utakutana na 1.4.11, inayotaka mistari ya aikoni itofautiane na rangi ya nyuma kwa 3:1 au zaidi, ambapo aikoni za kijivu hafifu huanguka, na 2.5.8, inayotaka sehemu ya kugusa isipungue pikseli 24 kwa 24 za CSS, isipokuwa vitufe viwe vimeachana vya kutosha. Sisi tungeweka 44. Kidole chenye jasho la Mombasa hakilengi 24.

Upande wa sheria, Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia mahali pote, usafiri wa umma na habari kwa kiasi kinachofaa.

SWALI: Na aikoni za mitandao chini ya ukurasa? Hizo si vitufe, ni viungo.
Msomaji, Mtwapa

JIBU: Kanuni ni ile ile, ila kiungo kikikosa jina kisoma skrini huweza kusoma anwani yake, herufi na mikwaju yote. Kipe jina la kinakokwenda: "WhatsApp ya duka", "Facebook ya duka". Kama kinafungua dirisha jipya, liseme hilo ndani ya jina. Kile cha simu kipe jina "Piga simu", kisha andika nambari yenyewe kwa tarakimu pembeni, maana wengi hutaka kuinakili wampe mtu mwingine apige.